Gari lako liliitwa lirudi kurekebishwa. Nani alikwambia?

Kama unaendesha Crown, Forester, Harrier au Prado iliyokuja na meli kutoka Japani, kuna swali ambalo huenda hukuuliza siku unakabidhiwa funguo: hili gari liliwahi kuitwa lirudi kurekebishwa? Na kama liliitwa, lilikwenda?

Wengi wetu hatujui. Yadi haikusema, wakala hakusema, na kadi ya gari haionyeshi kitu kama hicho.

Sasa taa ya VSC inawaka kwenye dashibodi. Unaenda gereji, fundi anakwambia, "Hiyo ya kawaida, endesha tu." Inawezekana yuko sahihi. Inawezekana pia gari lako ni moja ya yale ambayo kampuni iliyoyatengeneza ilishakiri miaka iliyopita kuwa yana kasoro, ikaahidi kuyarekebisha bure, na ahadi ile haikuvuka bahari.

Hiyo ndiyo hoja ya makala hii. Wito wa usalama, yaani tangazo la kampuni kwamba magari fulani yarudi yarekebishwe bila malipo, unamfuata mmiliki aliyesajiliwa. Gari likiuzwa nje, mmiliki anatoka kwenye daftari. Kasoro inakuja huku, onyo linabaki kule.

VSC inafanya kazi gani

Kila kampuni ina jina lake. Toyota wanaita VSC, Nissan na Subaru wanaita VDC, Honda VSA, Mazda DSC, Mercedes-Benz na Suzuki ESP. Majina tofauti, kazi moja: kulizuia gari lisitoke kwenye mstari ambao dereva anautaka.

Kwenye kila gurudumu kuna sensa inayopima kasi ya mzunguko. Kwenye usukani kuna nyingine inayopima umekata kona kiasi gani. Katikati ya gari kuna nyingine inayopima gari lenyewe linageuka kiasi gani. Kompyuta inalinganisha vitu viwili: wewe unataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi. Vikipishana, inakamata breki ya gurudumu moja au zaidi na kupunguza nguvu ya injini. Yote hayo ndani ya sehemu ya sekunde, mara nyingi kabla hujajua kwamba mkia umeanza kuteleza.

Chukua mfano wa mtu anayeshuka Kitonga au barabara ya Mai Mahiu wakati wa mvua. Mbele kuna lori limesimama bila alama. Anakata usukani kulia kukwepa, kisha kushoto kurudi njiani. Ni hapo kwenye kurudi ndipo magari mengi, hasa ya juu kama SUV, hupoteza mwelekeo au kupinduka. VSC iliwekwa kwa ajili ya sekunde hizo mbili.

Mercedes-Benz na Bosch waliuleta mfumo huu sokoni mwaka 1995 kwenye S-Class. Mwaka 1997 gari lao dogo la A-Class lilipinduka Uswidi kwenye jaribio la kukwepa kitu ghafla barabarani. Kampuni ikasimamisha mauzo na kuamua kila A-Class iwe na mfumo huo. Toka hapo ukaanza kushuka kutoka magari ya kifahari kuja kwenye magari ya kawaida.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilikadiria kwamba mfumo huu unapunguza ajali za gari moja, yaani zile ambazo gari linaacha njia lenyewe, kwa asilimia 34 kwa magari madogo na asilimia 59 kwa SUV. Kwa sababu hiyo Marekani iliufanya kuwa lazima kwa magari mepesi yote mapya kuanzia modeli za 2012. Ulaya ilifikia kila gari jipya Novemba 2014. Japani ilianza kuulazimisha kwa modeli mpya mwaka 2012.

Angalia miaka hiyo vizuri. Sehemu kubwa ya magari tunayoendesha ilitengenezwa kabla ya hapo au katikati ya mabadiliko hayo. Vigari vingi vidogo vya zamani havina VSC kabisa. Vilivyo nayo vingi sasa vina umri ambao sensa, waya na pampu zinaanza kuchoka.

Taa inawaka: ina maana gani

Kabla hujaingia hofu, jua kwamba taa ya VSC ina lugha yake.

Ikipepesa kwa muda mfupi unapopita kwenye utelezi, mfumo unafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, na hujaizima mwenyewe kwa kitufe, mfumo umejitoa. Breki za kawaida kwa kawaida zinabaki, lakini ule msaada wa kona haupo.

Sababu zinatofautiana sana:

- Kwenye Toyota nyingi, taa ya injini ikiwaka, VSC nayo inajizima kwa tahadhari. Tatizo linaweza kuwa sensa ya hewa kwenye ekzosi tu. Tengeneza la injini kwanza.
- Baada ya kupima alaimenti, kufungua usukani au kutoa betri, baadhi ya magari hupoteza kumbukumbu ya "katikati" ya usukani. Hiyo inarekebishwa kwa mashine, hakuna spea ya kununua.
- Sensa ya gurudumu imejaa tope, waya umekatika, au umefunga matairi ya saizi tofauti. Kompyuta inaona magurudumu hayazunguki sawa na inachanganyikiwa.
- Taa za VSC, ABS na breki zikiwaka zote kwa pamoja, hilo ni suala la breki zenyewe. Usiahirishe.

Halafu kuna sababu ya tano, ambayo mashine ya gereji ya mtaani inaweza isiione: kasoro ya kiwandani. Kifaa kimetengenezwa vibaya, au programu iliyomo kwenye kompyuta ya gari imeandikwa vibaya. Kwa aina hii ya pili taa inaweza isiwake kabisa, kwa sababu gari linafanya kile kile lilichoelekezwa kufanya. Fundi wako anaweza kuwa hodari kuliko wote mtaani, lakini programu mpya ya kampuni hana.

Sequoia na Prado: kesi mbili za kujifunza

Mwaka 2010 Toyota ilikuwa na kesi mbili za VSC nchini Marekani ndani ya mwezi mmoja. Ukiziweka pamoja unaona jinsi malalamiko ya wenye magari yanavyofanya kazi, na yanapofeli.

Ya kwanza ilikuwa ya haraka. Tarehe 13 Aprili 2010 jarida la Consumer Reports liliwaambia wasomaji wake wasinunue Lexus GX 460. Kwenye majaribio yao, gari likiingia kona kwa kasi na dereva akaachia mafuta, mkia uliteleza mno kabla mfumo haujaukamata. Toyota ikasimamisha mauzo. Tarehe 19 Aprili ikayaita magari takriban 9,400 nchini humo ili kubadilisha programu ya VSC. Mwezi uliofuata jarida likalipima tena na kuondoa onyo lake.

Kwa nini inatuhusu? Kwa sababu GX 460 ni ndugu wa damu wa Land Cruiser Prado, na nje ya Marekani hatua hiyo iligusa pia baadhi ya Prado za muundo huo. Prado tunazijua. Zipo kwenye misafara ya serikali, kwenye mashirika, na sasa kwenye yadi za mkononi.

Kesi ya pili ilikuwa ya polepole, na ndiyo yenye somo kubwa. Ilihusu Toyota Sequoia za mwaka 2003, takriban 50,000. Mfumo wao ungeweza kuingilia kati gari likiwa kwenye mwendo mdogo bila sababu, dereva anakanyaga mafuta na gari haliitikii anavyotarajia. Kampuni ilibadilisha programu kwenye magari yaliyoendelea kutengenezwa, na mwaka 2003 ikawapa mawakala wake maelekezo ya kuwarekebishia wateja watakaolalamika.

Soma tena hapo: watakaolalamika. Aliyekaa kimya alibaki na gari lilelile. Malalamiko yaliendelea kuingia NHTSA, ambayo ilifungua uchunguzi mwaka 2008, na wito kwa magari yote ukatoka Aprili 2010. Miaka saba toka dawa ijulikane.

Toyota haikuwa peke yake. Machi 2013 Honda iliita karibu magari 250,000 duniani, yakiwemo yaliyokuwa Japani, kwa sababu mfumo wa VSA ungeweza kubana breki bila dereva kugusa pedali. Februari 2014 Toyota tena iliita takriban magari 260,000 Marekani, yakiwemo RAV4 na Lexus RX 350, kwa kasoro iliyoweza kuzima VSC na ABS. Dawa ikawa programu mpya.

Kinachofanana kwenye kesi hizi ni kwamba kuna mahali malalamiko yanakusanyika. Mmarekani ambaye gari lake limembania breki barabarani anajaza fomu ya NHTSA bure. Fomu moja haina nguvu. Zikifika hamsini za modeli ileile, mhandisi wa serikali anaanza kuuliza maswali, na kampuni inalazimika kujibu.

Sisi malalamiko yetu yanaishia wapi?

Huku kwetu malalamiko yanaishia gereji. Mwenye gari analalamika kwa fundi, fundi anabadilisha sensa ya mtumba, taa inazima wiki mbili, inarudi. Mwishowe mtu anasema "itoe tu hiyo taa." Balbu inatolewa au waya unaunganishwa na taa nyingine ili zizime pamoja. Gari linauzwa. Mnunuzi anaona dashibodi safi na anadhani amepata mali.

Ikitokea ajali, taarifa mara nyingi zinataja mwendokasi, uzembe wa dereva au kulipita gari lingine sehemu isiyoruhusiwa. Hayo ni kweli kwa ajali nyingi. Lakini kama hakuna anayeangalia kompyuta ya gari baada ya ajali, kasoro ya gari haiwezi kuonekana kwenye takwimu hata ikiwepo. Na kisichoandikwa hakidaiwi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani. Katika kanda yake ya Afrika vifo viliongezeka kwa asilimia 17 kati ya 2010 na 2021, wakati jumla ya dunia ilishuka. Hakuna anayeweza kusema VSC mbovu imechangia kiasi gani. Ndiyo shida yenyewe.

Onyo linapotelea wapi

Fuata safari ya gari moja la kufikirika. Limeuzwa jipya Japani mwaka 2013. Jina na anwani ya mmiliki viko kwenye daftari la serikali. Kasoro ikigundulika, kampuni inatoa taarifa wizara ya uchukuzi ya huko, wizara inatangaza namba za chasisi zinazohusika, na mmiliki anaandikiwa barua. Akipuuza, bado atakutana na ukaguzi wa lazima, ule wanaouita shaken, ambao gari binafsi hupitia kila miaka miwili baada ya mitatu ya kwanza.

Mwaka 2020 gari linapigwa mnada na kupandishwa meli. Usajili wa Japani unafutwa. Linafika Dar es Salaam au Mombasa, linapewa namba mpya na mmiliki mpya. Tuseme wito unatoka 2021. Barua itaandikwa kwa nani?

Wakala rasmi wa kampuni hapa nchini ana orodha ya magari aliyoyauza yeye mapya. Hilo la meli halimo kwenye orodha yake. Yadi iliyokuuzia haina mkataba na kiwanda. Kwa hiyo upo peke yako na namba yako ya chasisi.

Na hili si suala la watu wachache. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari mepesi ya mtumba milioni 14, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka minane. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania inatoza ushuru wa ziada kadiri gari linavyozeeka. Sheria hizi zote zinauliza umri wa gari. Swali la kama gari lina wito ambao haujatekelezwa ni swali jingine kabisa, na gari la miaka sita linaweza kuwa nao wakati la miaka 12 limeshasafishwa.

Takata: joto letu linaingia hapa

Kama VSC inaonekana kitu cha mbali, fikiria mfuko wa hewa, ule wengi tunauita eabegi, ulio mbele ya kifua chako.

Mifuko ya kampuni ya Takata ilisababisha wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Marekani peke yake ilihusu takriban mifuko milioni 67, na dunia nzima zaidi ya milioni 100. Kampuni ikaomba kinga ya kufilisika Juni 2017. Kemikali iliyotumika kuujaza mfuko, amonia naitreti, inaharibika taratibu kwa joto na unyevu. Ikishaharibika, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi na kupasua kopo lake la chuma. Dereva anarushiwa vipande vya chuma usoni na shingoni. Zaidi ya watu 20 wamekufa hivyo Marekani, na wengine Malaysia na kwingineko.

Wamarekani walipopanga nani arekebishiwe kwanza, waliangalia hali ya hewa. Maeneo ya joto na unyevunyevu mwingi kama Florida na Hawaii yakawekwa mbele, kwa sababu huko mifuko inaharibika haraka zaidi. Sasa jiulize Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar zingekuwa kundi gani. Corolla, Vitz na RAV4 zilikuwa kati ya modeli zilizoitwa. Hizo si ngeni kwenye foleni za Ubungo.

Japani yenyewe ilikaza kamba. Tangu Mei 2018, gari lenye mfuko wa Takata wa hatari zaidi ambalo halijarekebishwa linanyimwa ukaguzi wa shaken. Maana yake haliwezi kutembea barabarani kule. Je, mmiliki wa gari kama hilo atalipeleka likarekebishwe, au ataona rahisi kulipeleka mnadani? Jibu linategemea kama mnunuzi wa ng'ambo anauliza au haulizi.

Kuna nchi iliyouliza

Watu wengine watasema hatuna jinsi, nchi inayonunua mitumba haichagui. New Zealand inatuonyesha vingine.

Ni nchi inayoendesha kushoto kama sisi, na kama sisi inanunua mitumba mingi sana kutoka Japani. Lakini wao waliamua mambo mawili. La kwanza, mwaka 2018 serikali ilitoa amri ya lazima kuhusu mifuko ya Takata ya hatari zaidi, na amri hiyo ilijumuisha magari ya mtumba. Gari lenye mfuko huo lisingeandikishwa mpaka lirekebishwe. La pili, waliweka ratiba ya VSC kwa mitumba inayoingia: walianza na SUV za magurudumu manne mwaka 2016, wakaja kwenye magari ya injini kubwa 2018, na kufikia Machi 2020 magari mepesi yaliyobaki.

Hawakujenga kiwanda. Walitumia kitu ambacho tayari kiko kwenye karatasi za kila gari: namba ya chasisi.

Sisi pia tuna vyombo. Tanzania ina TBS, Kenya ina KEBS, na magari ya mtumba yanapitia ukaguzi wa ubora, ambao kwa nyakati tofauti umefanyika nje ya nchi au bandarini. Mkaguzi tayari anaisoma namba ya chasisi. Kinachokosekana ni hatua moja zaidi: kuiingiza kwenye kumbukumbu za kampuni na kuandika kwenye cheti kama kuna wito ambao haujatekelezwa.

Hoja ya gharama ni ya kweli, tuiheshimu

Waagizaji watasema hatua hii itaongeza bei. Mtu anayejibana kununua IST ya kwanza ya maisha yake, au dereva wa teksi mtandao anayelipa mkopo kila wiki, hana nafasi ya gharama mpya. Hoja hiyo ni halali.

Lakini angalia nani analipia matengenezo. Gari likiwa bado Japani, kampuni ndiyo inayolipa: spea, programu na kazi ya fundi. Likishafika hapa, kifaa cha VSC utakinunua mwenyewe, mara nyingi kikiwa kimetolewa kwenye gari lingine lililokatwa, na hakuna anayekuhakikishia kwamba hicho nacho hakina kasoro ileile. Matengenezo ya bure yapo upande mmoja tu wa bahari. Kulileta gari bila kurekebishwa ni kuhamisha bili kutoka kiwandani kuja mfukoni mwa mnunuzi wa mwisho.

Kuna ugumu mwingine wa kweli: miito inayotoka baada ya gari kufika. Hapo ukaguzi wa bandarini hausaidii. Lakini mamlaka za usajili zinajua nani ana gari gani, na zina namba yake ya simu. Kama tunaweza kupata ujumbe wa faini ya barabarani, ujumbe wa "gari lako limeitwa" hauwezi kuwa muujiza. Pia serikali ina nguvu ya kukaa na mawakala rasmi na kuwauliza: brandi ni yenu, nembo ni yenu, mtafanya nini na haya ya mtumba? Mteja mmoja hawezi kuuliza swali hilo na kujibiwa.

Ufanye nini leo

Huku tukisubiri hayo, kuna mambo unaweza kufanya kwa simu hiyohiyo unayosomea.

1. Tafuta namba ya chasisi. Iko kwenye kadi ya gari au logibuku, na kwenye bamba la chuma chini ya boneti au kwenye mlango. Ya gari la soko la Japani huwa na herufi na namba chache, kistari katikati, kisha namba nyingine.

2. Usiingize namba hiyo kwenye tovuti ya NHTSA. Ile inataka tarakimu na herufi 17 za magari ya soko la Marekani, yako itakataliwa. Hiyo haimaanishi gari lako ni salama. Nenda tovuti ya Japani ya kampuni husika, sehemu ya kuangalia wito kwa namba ya chasisi. Ni ya Kijapani, lakini simu yako inatafsiri ukurasa.

3. Ukikuta kuna wito ambao haujatekelezwa, hifadhi picha ya ukurasa na uende kwa wakala rasmi. Omba jibu kwa maandishi, hata kama ni "hapana".

4. Ukikataliwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, kwa Tanzania, au Mamlaka ya Ushindani kwa Kenya. Ndiyo, inachosha. Lakini kumbuka Sequoia: bila malalamiko yaliyoandikwa, hakuna faili, na bila faili hakuna uchunguzi.

5. Unaagiza gari? Omba matokeo ya wito kabla ya kutuma hela. Kama kuna kitu hakijafanyika, sharti lako liwe lirekebishwe kabla ya kupanda meli.

6. Unanunua hapa hapa? Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za VSC, ABS na mfuko wa hewa zinatakiwa ziwake, kisha zizime ndani ya muda mfupi au injini ikiwaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda kuna mtu ameitoa makusudi.

7. Taa ya mfuko wa hewa ikibaki inawaka, usimruhusu fundi yeyote tu apekenyue usukani. Ule ni mlipuko uliofungwa kwenye kopo.

Hatua hizi saba zinamsaidia mtu mmoja mmoja mwenye bando na muda. Dereva wa Probox anayepakia abiria toka alfajiri hana vyote viwili, na abiria wake sita hawana habari kabisa. Kwa hao, ni mkaguzi wa bandarini tu anayeweza kuuliza swali kwa niaba yao. Kwenye fomu ya ukaguzi inahitajika mistari miwili: je, gari hili lina wito ambao haujatekelezwa, na kama ndiyo, kwa nini linaingia?